Ufunguo uko kwa nani sasa hivi? Mwongozo kwa anayepangisha nyumba kwa siku Dar es Salaam

Saa 9 usiku mgeni wangu alikuwa amekalia begi lake nje ya geti, Mikocheni, mbu wanamshughulikia. Nyumba ilikuwa na funguo tatu. Mmoja ulikuwa Mbagala, mfukoni mwa mlinzi wa mchana aliyemaliza zamu saa 12 jioni akasahau kuuacha. Wa pili ulikuwa Kimara, kwenye mkoba wa dada wa usafi. Wa tatu ulikuwa kwangu Tabata, mezani, pembeni ya simu niliyoizima sauti. Funguo zote tatu zilikuwa salama kabisa, mbali na mlango.

Leo nasimamia nyumba nne za watu, na kila jioni najiuliza swali lile lile kwa kila nyumba: ufunguo uko kwa nani sasa hivi? Nikikosa jibu la haraka naacha ninachofanya, nautafuta. Haya yafuatayo ndiyo mambo niliyoyapanga ili jibu liwepo hata nikiwa nimelala.

Hatua ya 1: Hesabu milango kwanza

Nenda kwenye nyumba yako usiku, ukiwa na begi zito mkono mmoja na simu mkono wa pili. Anzia barabarani mpaka kitandani. Hesabu kila kitu kinachofunguliwa: geti la mtaa, mlango wa ngazi, grili, mlango wa mbao, mlango wa chumba. Nyumba nyingi za Dar zina vizuizi vinne au vitano, na mgeni anakabidhiwa shada la funguo kama la mtunza ghala. Anasimama gizani anajaribu mmoja mmoja, halafu anakupigia.

Punguza. Funguo za vyumba vya ndani zitoe zote, ziweke kwenye bahasha. Mgeni aliyekodi nyumba nzima hana haja nazo, na ndizo zinazopotea chini ya godoro. Komeo dogo la ndani kwa mlango wa chumba linatosha kwa anayetaka faragha. Mlango wa ngazi, kama ni wa jengo zima, zungumza na wenzako wa jengo mjue unafungwa saa ngapi na nani anafungua baada ya hapo. Lengo ni mgeni abaki na funguo mbili: grili na mlango.

Hapo kwenye grili nikae kidogo, maana ndipo penye hatari ambayo watu wameizoea. Tunafunga grili usiku kwa kufuli, kwa ndani, ufunguo tunauweka "mahali". Wewe mwenye nyumba unapajua hapo mahali. Mgeni aliyeingia jana hapajui, madirisha yana nondo, na moto wa jikoni hausubiri mtu apekue droo. Kama grili lazima iwe na kufuli, pigilia ndoano ukutani, hatua mbili kutoka kwenye grili lakini mkono wa mtu aliye nje usiifikie, na ufunguo wa ndani ukae hapo siku zote, umefungwa na kamba nyekundu. Bora zaidi ni kubadilisha: grili iwekewe kitasa chenye silinda ambayo upande wa ndani ina kipini cha kuzungusha kwa vidole. Nje unahitaji ufunguo, ndani unazungusha tu unatoka. Mlango wa mbao vivyo hivyo. Kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya nyumba andika namba ya Zimamoto, 114, na ya Polisi, 112.

Hatua ya 2: Funguo nne, jina la samaki

Kila nyumba yangu ina seti nne, hazizidi. Seti ya mgeni. Seti ya akiba inayokaa palepale kwenye jengo, ndani ya kisanduku (tutakifikia). Seti yangu. Na seti ya mwenye nyumba, kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa juu ya gundi, ili nikiiona imefunguliwa nijue. Dada wa usafi hana ufunguo wake. Si kwamba simwamini; nimemwamini miaka mingi. Ila anatoka Kimara kwa mwendokasi, na mkoba wenye funguo za nyumba nne ukichanwa stendi, nyumba nne zinabadilishwa vitasa siku hiyo. Anafungua kisanduku kwa namba ninayompa, anafanya kazi, anarudisha.

Usiandike anwani kwenye kishikio cha ufunguo. Wala namba ya nyumba, wala jina la mtaa. Ufunguo ulioandikwa "Mikocheni B, ghorofa ya pili" ukidondoka kwenye bajaji ni mwaliko. Nyumba zangu nimezipa majina ya samaki: Changu, Nguru, Kolekole na Dagaa (Dagaa ni kale kachumba kamoja na jiko). Kishikio kimeandikwa "Nguru 2" na namba ya simu yangu ya kazi. Akiokota mtu anapiga simu, na hajui Nguru inaishi wapi. Majina haya yamenisaidia na kwa mlinzi pia, maana mgeni hajui kutamka jina la mwenye nyumba, lakini "Changu" kila mtu analitamka.

Kuhusu kuchonga: peleka ufunguo asilia, usipeleke nakala. Kila nakala inabeba kosa dogo la nakala iliyotangulia, na ukifika nakala ya nakala ya nakala, mgeni anakuambia kitasa kibovu wakati kibovu ni ufunguo. Asilia mmoja utunze usitumike kabisa, kazi yake iwe kuchongea tu. Ukienda kwa mchonga funguo, Kariakoo au hata yule wa kona ya mtaani kwenu, chonga miwili badala ya mmoja, kwa sababu mlango wa kujaribia hauko naye. Na kumbuka jambo moja ukiwa umesimama pale: fundi hakukuuliza wewe ni nani. Hatamuuliza na mgeni wako. Kila ufunguo wa kawaida uliowahi kulala mfukoni mwa mgeni siku tatu, uhesabu kama umeshachongwa, na ujipange kwa hilo. Hatua ya mwisho ya mwongozo huu inahusu hapo.

Daftari: la karatasi, la mistari, linakaa na mimi. Safu tano tu: tarehe na saa, jina la seti, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, imerudi lini. Nimejaribu programu za simu, nimejaribu jedwali la kompyuta. Vyote vinadai nikumbuke kufungua. Daftari linakaa juu ya meza linanitazama.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kukabidhi

Njia ni nne na kila moja ina pahala pake.

Kukabidhi mkono kwa mkono ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa mgeni wa wiki mbili, familia, au mtu mzima ambaye hataki mambo ya namba. Unamsalimia, unamwonyesha bomba la moto na baridi, unamwonyesha mita ya Luku ilipo na namna ya kuingiza zile tarakimu 20, mnaagana. Ubaya wake ni kwamba ndege nyingi za kimataifa zinatua usiku wa manane, nawe una familia.

Kumwachia mlinzi ndiyo njia tuliyoizoea, na ndiyo iliyonilaza macho siku ile. Msimamo wangu sasa: mlinzi anafungua geti, hafungui nyumba. Hilo linamlinda yeye kwanza. Kitu kikipotea ndani, wa kwanza kushukiwa ni aliyekuwa na ufunguo, na nimeshuhudia mzee wa watu anapelekwa kituoni kwa saa ya mgeni iliyokuja kuonekana kwenye begi la mgeni mwenyewe.

Kisanduku cha ufunguo, kile cha chuma chenye namba, ndicho ninachokitegemea. Lakini jua unanunua nini. Kipo cha magurudumu manne, kila gurudumu lina 0 hadi 9. Hicho kina michanganyiko 10,000. Kipo cha vitufe kumi ambacho mpangilio haujalishi, ukibonyeza 2-5-7-9 au 9-7-5-2 kinafunguka vilevile, na kitufe hubonyezwa mara moja tu. Ukichagua tarakimu nne kwenye kile cha vitufe, michanganyiko ni 210 tu. Mtu mwenye subira, sekunde tano kwa kila jaribio, ataimaliza yote chini ya dakika 20. Kwa hiyo kisanduku cha aina yoyote hakining'inizwi kwenye geti la barabarani. Kinafungwa ndani ya uzio, kwa boliti za ukutani, mahali ambapo mlinzi akikaa kwenye kiti chake anakiona, na mgeni akisimama ana mwanga. Kile cha kuning'iniza kama kufuli kinakatwa kwa mkasi wa chuma, usijidanganye.

Ukiwa Msasani, Kigamboni au Mbezi Beach, hewa ya chumvi itakila. Nunua chenye kifuniko cha mpira, na kila baada ya miezi michache kifungue, kikaushe, kinyunyizie dawa ya kutu. Wakati wa masika fanya hivyo kila mwezi. Kwenye tundu la ufunguo la kitasa usitie mafuta ya kula, ingawa kila jirani atakushauri hivyo. Mafuta yanakamata vumbi na baada ya muda mfupi ufunguo unazunguka kwa kusali. Kwangua unga wa penseli nyeusi, upulize ndani. Bei yake ni penseli.

Mwisho ni kitasa cha namba, cha betri, ambacho hakihitaji ufunguo kabisa. Wenye nyumba wanakipenda kwa sababu kinaonekana cha kisasa, na kweli kinaondoa tatizo la nakala: namba ya mgeni inakufa siku anayoondoka. Mambo ya kuangalia ni haya.

Umeme ukikatika kitasa hakiathiriki, kinaenda kwa betri zake, kwa kawaida nne ndogo. Kinachokufa ni intaneti ya nyumbani, na pamoja nayo uwezo wako wa kukiamuru ukiwa mbali. Chagua basi aina ambayo programu yake inaweza kutengeneza namba ya muda bila kitasa kuwa hewani. Hizo hufanya kazi kwa hesabu ya saa iliyo ndani ya kitasa chenyewe, na hapo pana mtego: betri zikiisha kabisa, saa hiyo inaweza kupotea, na namba halali ikakataliwa. Ukibadilisha betri, simama mlangoni na simu yako, oanisha saa upya, jaribu namba kabla hujaondoka.

Betri weka za alkali, zile za bei, na uzinunue duka unaloliamini. Za kuchaji zina volti pungufu, kitasa kinasoma kama zinakaribia kuisha wakati hazijaisha. Badilisha zote nne kwa mpigo, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye betri yenyewe. Usisubiri mlio wa onyo, kwa sababu anayeusikia ni mgeni na mgeni hakuambii. Vitasa vingi vina sehemu ya dharura kwa nje, chini yake, ya kugusisha betri ya volti 9 au kuchomeka pawabenki. Jua yako ni ipi, na kifaa chake kikae kwa mlinzi. Na nunua chenye tundu la ufunguo wa kawaida hata kama fundi atakuambia hulihitaji.

Jambo dogo: futa vitufe kwa kitambaa kila baada ya mgeni. Vidole vinaacha alama. Mtu akiona vitufe vinne vyenye mafuta, amebakiwa na mipangilio 24 ya kujaribu.

Namba yenyewe badilisha kila mgeni. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, usitumie 1234, na usirudie namba moja kwa nyumba zote kwa sababu "ni rahisi kukumbuka". Ni rahisi kukumbuka kwa kila mtu.

Hatua ya 4: Kubaliana saa, kwa maana zote mbili

Makosa mengi ya kuingia niliyoyaona hayakutokana na kitasa. Yalitokana na saa. Ukimwandikia mgeni wa nje "karibu saa 8", kwa maana yako ni mchana, yeye anasoma 08:00, yaani saa 2 asubuhi ya kwetu, yuko getini wakati mgeni wa jana bado anapiga mswaki. Kinyume chake pia: anakuandikia kwa Kiswahili cha kamusi "nitafika saa 9", wewe unamsubiri alasiri, kumbe ni saa 3 usiku. Andika saa kwa tarakimu nne, kisha ya kwetu pembeni: 14:00 (saa 8 mchana). Kila mara, hata kwa Mtanzania, ili uzoee.

Tarehe ni mbaya zaidi. Ndege inatua 02:00, saa 8 usiku. Tiketi imeandikwa tarehe 15. Mgeni anaweka nafasi kuanzia tarehe 15, ambapo kuingia ni 14:00. Anatua, anafika getini saa 10 alfajiri, nyumba ina mtu hadi asubuhi. Kiswahili kina dawa nzuri ya hili, itumie: muulize, "Utalala usiku wa tarehe ngapi kuamkia tarehe ngapi?" Akijibu "wa 14 kuamkia 15", unajua nafasi inaanza 14. Ukishapata jibu, omba na namba ya ndege au ya treni. Siku hizi wageni wa Dodoma wengi wanakuja kwa SGR, na treni za jioni zinawafikisha usiku mkubwa vilevile.

Toka ndege kutua mpaka mgeni kutoka nje ya Jengo la Tatu pale JNIA, weka saa nzima au zaidi kwa viza na mizigo. Usiku barabara ni nyeupe. Saa 11 jioni Barabara ya Nyerere ni habari nyingine, usimwahidi mtu dakika.

Hatua ya 5: Ujumbe mmoja uliokamilika

Usimtumie mgeni vipande kumi vya sauti. Tuma ujumbe mmoja wa maandishi, siku moja kabla, wenye kila kitu isipokuwa namba ya siri. Namba tuma siku yenyewe, asubuhi, baada ya malipo kukamilika. Mwambie apige picha ya skrini kabla ya kupanda ndege, maana atakaposhuka hana intaneti. Wangu kwa Changu uko hivi:

"Habari za safari. Kesho unaingia kuanzia 14:00 (saa 8 mchana). Mwambie dereva akupeleke kwenye alama niliyokutumia kwenye ramani; ukikaribia utaona duka la dawa kushoto, sisi ni geti jeusi la tatu baada yake, picha hii hapa. Usipige honi, gonga. Mwambie mlinzi 'Changu', jina lako analo. Kisanduku kiko ukutani mkono wa kulia wa ngazi, kwa ndani ya geti. Funguo ni mbili: wenye kamba nyekundu ni wa grili, wenye kamba ya buluu ni wa mlango. Mlango uvute kwako kwanza ndipo uzungushe. Namba nitakutumia kesho asubuhi. Dereva akipotea ampigie mlinzi kwa namba hii."

Ile "uvute kwako kwanza" ina thamani kuliko ramani. Kila mlango una ukorofi wake: mwingine unainuliwa, mwingine unasukumwa kwa goti. Wewe umeshauzoea huuoni. Mwite rafiki ambaye hajawahi kufika, mpe ujumbe, kaa kimya, mtazame anavyohangaika. Andika kila alipokwama.

Kuhusu picha, piga ya geti mchana na nyingine usiku. Geti la usiku halifanani na la mchana, na dereva wa Bolt hana muda wa kutafakari. Namba mpya za anwani za makazi ziweke kama zipo kwenye nyumba yako, lakini usizitegemee peke yake. Huku kwetu bado tunaelekezana kwa duka, mti na rangi ya geti.

Hatua ya 6: Mlinzi ni mwenzako

Kuna wapangishaji wanamwambia mlinzi habari za mgeni kwa kupiga kelele dirishani wakati gari linatoka. Halafu wanalalamika mgeni amezuiwa. Mlinzi kumzuia mtu asiyemjua ndiyo kazi yake.

Mimi nina karatasi ya wiki, naichapa kila Jumapili: jina la nyumba, jina la mgeni, idadi yao, siku ya kuingia na kutoka. Haina pasipoti, haina namba ya siri, haina kiasi alicholipa. Inabandikwa ndani ya kibanda. Mgeni akibadilika katikati ya wiki, natuma meseji ya kawaida, kwa sababu mlinzi wa usiku hana bando muda wote, na WhatsApp itamfikia kesho. Kampuni ikileta sura mpya, naenda mwenyewe kuisalimia siku ya kwanza. Na kila mwezi naacha vocha, maana simu anazonipigia ni za kazi yangu.

Heshima inarudi kama taarifa. Juzi nimefika asubuhi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako wa Nguru waliingia saa 7 usiku. Ila karatasi yako inasema wawili, hawa ni watano."

Hakuna kamera ingeniambia hivyo kwa upole. Tukiwa kwenye kamera: nje ya nyumba, kwenye geti na ngazi, inaruhusiwa ilimradi umemtangazia mgeni kabla hajaweka nafasi. Ndani hapana. Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku, walipiga marufuku kamera za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata iliyozimwa, na hata kama mgeni wako amekuja kwa njia nyingine, sebule aliyoilipia ni yake.

Nakala za pasipoti na vitambulisho vya wageni nazo ni funguo za aina yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, si jambo la kuziacha kwenye simu ya kila mtu aliyewahi kupokea mgeni. Zikae sehemu moja, kwa mtu mmoja, zifutwe hitaji likiisha. Na kama huwa unafahamisha uongozi wa mtaa kwamba nyumba yako inapokea wageni, endelea. Mwenyekiti anayekujua atakupigia simu kabla jirani hajapiga yake.

Hatua ya 7: Kuondoka, na yule anayekwenda Unguja

Ujumbe wa kuondoka tuma jana yake saa 8 mchana. Asubuhi ya safari mgeni hasomi. Mambo matatu tu: funga kwa ufunguo, rudisha kwenye kisanduku na uvuruge namba, nitumie picha ya kisanduku kilichofungwa kabla hujaita bajaji. Hiyo picha ndiyo inayoniwezesha kuandika "imerudi" daftarini bila kutoka Tabata. Dada wa usafi akifika anahesabu funguo kabla ya kukunja shuka, ananiambia "mbili" au "moja". Akisema moja, mgeni bado yuko ndani ya mji na tunaweza kumpata.

Mgeni wa Dar ana safari yake ya katikati: siku ya tatu anapanda boti kwenda Unguja, siku ya sita anarudi. Muulize mapema kama anaendelea kulipia nyumba au anaondoka na kurudi. Kama anaondoka, ufunguo unabaki, hata kama ameacha begi. Begi linakaa kwenye stoo yenye kufuli yako. Mgeni mmoja alishuka bandarini Malindi, Unguja, ndipo akapapasa mfuko. Boti ni kama saa mbili kwenda, na mgeni mwingine alikuwa anaingia mchana ule. Seti ya akiba ikafanya kazi yake, ndiyo maana inakaa kwenye jengo.

Kwa wafanyakazi na mafundi: fundi wa AC apewe namba ya siku hiyo tu, ifutwe akishatoka. Mfanyakazi akiacha kazi, hata mkiwa mmeagana kwa kula pilau, badilisha namba jioni ileile. Usimweleze kwa nini, usiombe radhi.

Hatua ya 8: Ufunguo umepotea, silinda inahama

Sasa lile suala la nakala. Watu wanapopoteza ufunguo wanaita fundi, fundi anang'oa kitasa kizima, anatoboa mlango upya, mlango unabaki na makovu. Kama kitasa chako ni kile cha funguo ndefu za mtindo wa zamani, huna namna, ni kubadilisha kitasa. Ndiyo sababu nyumba zangu zote nimezihamishia kwenye vitasa vya silinda, kile kichuma kirefu chenye tundu la ufunguo. Silinda inatoka peke yake, na unaweza kuitoa mwenyewe.

Fungua mlango, tazama ubavuni, kwenye ukingo. Usawa wa silinda kuna skrubu moja ndefu. Itoe yote. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana, kama unataka kufungua halafu umeghairi, huku unaivuta silinda taratibu. Kuna ulimi mdogo katikati yake. Ulimi ukilingana na mwili wa silinda, itateleza nje. Ikigoma usiigonge, rudisha ufunguo nyuma kidogo ujaribu tena. Pima urefu kutoka tundu la skrubu hadi kila upande: 35 na 35, jumla milimita 70, ni kipimo cha kawaida, lakini milango mizito hupita hapo, na pande mbili zinaweza zisilingane. Nenda nayo mkononi dukani Gerezani, usiende na kumbukumbu. Silinda ikiwa fupi ufunguo haufiki vizuri. Ikichomoza nje sana, mwizi anaishika kwa praisi na kuivunja katikati.

Siku hizi sisubiri ufunguo upotee. Nimenunua silinda tano za kipimo kimoja, zenye kipini cha ndani, kwa milango minne. Moja inapumzika kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na funguo zake zote zilizohesabiwa. Kila baada ya miezi mitatu iliyopumzika inaingia mlango mmoja, na iliyotoka humo inaingia mlango unaofuata, hadi moja ibaki. Kwa mgeni aliyechonga nakala ya Changu mwezi wa tatu, nakala yake mwezi wa sita inafungua Kolekole, na yeye hajui Kolekole iko wapi. Silinda ambayo ufunguo wake umepotea kweli, hiyo haiingii kwenye mzunguko; iliyopumzika inachukua nafasi yake mara moja. Nampa fundi, anaiuza chuma chakavu.